Matanga ya Mathias Considine

Barua ilikuwa mfukoni mwa Padri Biermann tangu Jumanne, na kila alipokaa mezani na askofu wake ilimwasha kama upupu.

Ilikuwa na mistari sita tu, ya kwenda kwa askofu mkuu. Ilisema kwamba mtu anayeitwa Mathias Considine, askofu wa Kellerton, huenda siye Mathias Considine.

Hakuyaokota hewani. Kellerton ni mji wa makaa ya mawe huko Amerika, na watu wake karibu wote walitoka Ireland. Jumapili iliyopita, askofu akiwa safarini kutoa kipaimara, kwenye chai ya baada ya misa alikuwepo bibi mgeni, Hanora Geraghty, aliyeshuka melini mwezi huohuo kuja kuishi na mpwa wake mchimbaji. Alitoka Kilbrannock, kijiji alichozaliwa askofu. Biermann akamuuliza kwa heshima kama aliwahi kumfahamu Mathias Considine.

"Mathias mtoto wa Peig?" bibi alisema, akikoroga chai. "Nilimlilia kwenye matanga yake mpaka sauti ikanikauka."

Wanawake waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaendelea kupitishiana mkate. Hakuna aliyeshtuka. Biermann peke yake ndiye aliyejimwagia chai magotini.

Lisemwalo lipo, akajiambia, na tangu hapo akaanza kumchunguza mzee wa watu. Askofu huyu aliyejenga shule saba, aliyesimama katikati ya wachimbaji na wenye migodi bunduki zikiwa tayari, mbona hasimulii ujana wake? Mbona ile barua ya paroko wa Kilbrannock, iliyompa nafasi seminari na kumfikisha Amerika, ameifungia sandukuni na ufunguo anauvaa shingoni? Hata misa ya kila Machi ya kumwombea mdogo wake Donal, aliyekufa kwa homa mwaka wa njaa kuu, wiki ileile kaka mtu aliposafiri, sasa ilimtia Biermann mashaka. Miaka arobaini imepita, na bado askofu huisoma akilia kama msiba ni wa jana.

Tena kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Upadri wake mwenyewe aliupokea kwa mikono hiyohiyo. Askofu akiwa wa bandia, yeye ni padri wa nani? Na zile ndoa alizofungisha, na wale wagonjwa aliowapaka mafuta wakafa wakimwamini? Aliogopa, jamani, akawa hali chakula.

Aliyemshtukia ni Bedelia Tuohy, mpishi wa askofu. Alhamisi alimbana jikoni, akitaka kujua viazi vyake vimemkosea nini padri. Biermann akashindwa kujizuia, akamwaga mtama wote.

Bedelia akaweka kisu chini. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Nyie Wajerumani mna akili, ila habari hamna," alisema. "Kwetu mtu akienda Amerika harudi, padri. Kwa hiyo tunamwekea matanga kabisa, na viko vya tumbaku, na wanawake wa kuomboleza, na mama yake anagaragara chini, naye mwenyewe yupo amekaa anatazama. Asubuhi tunamsindikiza. Mimi mwenyewe nilililiwa usiku kucha, na huyu hapa nakumenyea viazi."

Habari ilifika mezani kabla ya supu. Askofu naye akacheka, akamgonga Biermann begani na kumwambia ndiyo hivyo, maiti ndiye aliyemfanya padri. Biermann alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipotoka mezani alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mlango wa jiko la Bedelia, akaitupa barua ndani na kusimama pale mpaka ikawa majivu. Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumapili iliyofuata, ili kujisafisha, alimleta Bibi Hanora nyumbani kwa askofu, amemshika mkono kwenye ngazi. Watu wa kijiji kimoja, alifikiri, watafurahi kuonana. Bibi alipiga goti, akabusu pete, akainua uso. Akamtazama askofu kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono na kuligusa kovu dogo lililokuwa chini ya sikio lake la kushoto. Askofu hakuuondoa ule mkono, wala safari hii hakucheka.

"Wiki ile matanga yalikuwa mawili, Donal," bibi alisema polepole. "Ya Mathias tuliyamalizia makaburini. Yako ndiyo tuliyamalizia bandarini."