Mkeka wa Shirika la Simu

Kilisi alipokata roho, habari zake hazikupigiwa simu. Zilipanda mashua ya mafuta ya taa, zikavuka ghuba ya Faletai, zikamfikia binti yake Moelagi kwenye duka la mikate mjini Apia. Marehemu alikuwa amelala peke yake tangu jana yake.

Miaka nenda rudi, Moelagi alikuwa akienda Shirika la Simu la taifa kumwombea mama yake mnara. Alianza kwenda Shirika likiwa bado chumba cha mbao nyuma ya posta, lenye laini ya mchungaji na laini ya polisi. Likakua. Likapata ghorofa, lifti, na chemchemi ya maji mlangoni. Kila alipokwenda alipewa kiti kizuri zaidi cha kusubiria. Mnara hakupewa. Faletai, walimwambia, iko nyuma ya mlima, na anaishi huko bibi mmoja tu, wengine wote wamehama.

Mbele ya jengo lao walisimamisha bango: MTANDAO KWA KILA RAIA. WAMEBAKI WACHACHE SANA!

"Hao wachache ni dada yangu," mjomba Faasao alizoea kusema.

Mazishini mkurugenzi alikuja mwenyewe, macho mekundu. Vijana wake waliukunjua mkeka mwororo wa rambirambi na kuutembeza uani ili kila mtu auone, kama ilivyo desturi. Ulikuwa mrefu kuliko ule ulioletwa na kanisa. Nyuma yake zikafuata katoni za samaki wa kopo.

Faasao, msemaji wa ukoo, hakuwa na budi kusifu. Akaegemea fimbo yake, akapaza sauti: "Shirika letu tukufu! Mkeka huu umefunika jua!" Kisha akamnong'oneza Moelagi, "Waya umewashinda, samaki wa kopo wamewaweza."

"Mjomba, watakusikia!"

"Watanisikiaje? Huku hakushiki."

Walimzika Kilisi mbele ya nyumba yake. Mkurugenzi akaja kuketi karibu na Moelagi.

"Pole sana, dada. Kuna atakayebaki hapa?"

"Inafaa nibaki mimi, mheshimiwa. Kaburi la mama halifai kuachwa peke yake. Lakini wanangu wako Auckland, wananipigia kila Jumapili. Nisipoisikia sauti yao nitaishije? Mkileta mnara, nabaki."

Mkurugenzi alimshika mkono. "Usijitese. Upweke wa huku unaua. Rudi mjini, boti yangu itakubeba na vyombo vyako vyote."

"Na kaburi?"

"Tutalijengea sisi. Kwa vigae."

Machozi yalimtoka mkurugenzi, machozi ya kweli. Katika miaka yote ile hakuna mtu wa Shirika aliyewahi kumlilia Moelagi. Moyo wake ukalainika. Akafunga mlango wa nyumba ya mama yake, akamkabidhi mjomba ufunguo.

"Niliwahukumu vibaya," alisema. "Kumbe wana utu."

"Wana utu, ndiyo," alisema Faasao. "Sijui tu walikuwa wameuweka wapi."

Wiki ile ile, dukani, redio ilikatiza nyimbo. Zilisikika tarumbeta, vigelegele, kisha sauti ya mkurugenzi, imejaa kicheko:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo mtandao wetu unamfikia kila raia wa nchi hii. Hakuna hata mmoja aliyebaki nje!"

Moelagi alizima redio, akaenda kufunga godoro lake kwa kamba.

Sasa anaishi Faletai, na mafundi wa Shirika wanachimba msingi wa mnara, hatua chache kutoka kaburini.