Mbuzi, Kuku na Mwamuzi

Itangazwe kwa mataifa yote, pamoja na walowezi wa mwezini, kwamba swali kuu la binadamu limepata jibu: mbuzi ana akili kuliko kuku.

Swali lenyewe lilizuka shuleni, kwenye foleni ya maharage, kati ya Kibwana, upande wa mbuzi, na rafiki yake Hiza, upande wa kuku. Walibishana muhula mzima, mishipa ya shingo imewatoka. Mwishowe Kibwana, kwa utani, akabonyeza Mwamuzi, kile kisanduku cha ukutani kinachomaliza mabishano yote siku hizi. Kinasikiliza, kinahukumu, kisha kinamwondolea aliyeshindwa wazo lake kichwani, bila maumivu.

Likizo ilipofika, Kibwana alikwenda kwa kina Hiza kuuanzisha ubishi upya.

"We Hiza! Nimebadili mawazo. Kuku ndiye mwenye akili, bwana."

"Ni mbuzi," Hiza alisema kwa upole. "Mwamuzi alishasema."

"Nibishie basi, we mjinga!"

"Ya nini?"

Mlangoni alisimama Malkia, kuku ambaye Hiza alimlea tangu kifaranga, na aliyekuwa akiitika kila akiitwa jina. Alimtazama Hiza, akingoja. Hiza akamfukuza kwa mguu.

Mama Hiza aliweka chini ungo wa mchele.

"Huyo kuku alikuwa akisimuliwa mambo yote ya shule," alisema. "Kibwana mwanangu, hivi wewe unaamini kweli kwamba mbuzi ana akili kumshinda?"

Kibwana alitazama miguu yake.

"Hapana, mama. Hata mbuzi sijawahi kufuga. Nilikuwa nabisha tu. Hiza alikuwa anachekesha akikasirika."