Kidole Gumba cha Kalisti

Kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake, dijei alipoweka disko la zamani, lile la enzi za viatu vya raizoni na suruali za bugaluu, Bi Perpetua alikuwa bado na sahani ya pilau mkononi. Akainua macho. Kalisti alikuwa amesimama mbele yake, kichwa cheupe, mkono wa kushoto ameunyoosha.

"Twende, Pepe. Au umesahau?"

Angesahauje? Ujanani, wenzao walipokuwa wakijirusha kila mtu kivyake, wao wawili walicheza wameshikana mikono, ukumbi mzima ukiwatazama. Siri ilikuwa kwenye kidole gumba: Kalisti akimbonyeza Perpetua kiganjani, Perpetua anazunguka. Asipobonyeza, hazunguki. Perpetua aliona raha kungoja.

Hata nje ya ukumbi alingoja hivyohivyo, miaka, Kalisti aseme neno. Hakusema. Mwishowe akaoa kwingine.

Sasa walicheza taratibu. Pale pa kuzunguka pakafika, pakapita.

"Mbona huzunguki?" Kalisti aliuliza.

"Hujanibonyeza."

"Nimebonyeza, Pepe." Akakitazama kidole chake. "Tangu nipate kiharusi hakina nguvu. Hata zamani nilikuwa najiuliza, hivi huyu nisipombonyeza, hatazunguka kweli?"

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Bila kungoja kidole, Perpetua aliinua kisigino kimoja, kile kingine kikiwa bado kimeganda sakafuni, na pindo la gauni lake likaanza kupepea.