Msalaba wa Nelima

"Kaza mkono, mdogo wangu," Aoko alisema. "Uchungu wa sindano utaisha leo leo."

Nelima aliuma kitambaa chake cha kichwa. Griffin, mchora tatuu wa Nyalenda, alikuwa akimchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale msumari ulipompita Yesu.

Wauza samaki wote wa ufuo wa Dunga waliujua msalaba huo. Wapo wavuvi wasiotosheka na pesa. Mwanamke akitaka samaki wazuri, sharti kwanza awe mpenzi wao. Waliokataa mambo hayo waliapa mbele ya Mungu, wakachorwa. Rozari huvuliwa, wino hauvuliki. Mkono ukinyooshwa kupokea samaki, mvuvi huuona msalaba kwanza, naye hutaja bei tu.

Nelima alikuwa mgeni ufuoni, na tangu aje, mvuvi Owiti alikuwa akimchagulia samaki wanono, ngege. Aoko aliona. Aliona pia jinsi Owiti alivyomchekea, Owiti yuleyule ambaye mbele ya Aoko hula kimya kama bubu. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba, haumezeki wala hautemeki. Kumuuliza Owiti aliogopa. Mwanamume akibanwa huondoka. Basi akamwendea Nelima na neno la Mungu.

"Na wewe, Mama, nikuchore?" Griffin aliuliza, akipangusa damu.

"Mimi wa nini? Mimi nina wangu."

Nelima alijifuta machozi. "Mungu akubariki, dada. Yule Owiti ameanza kuniambia nimngoje nyuma ya mashua. Sikujua nitamkataaje."

Aoko aliubana ule mkono zaidi ya ilivyohitajika.

Asubuhi Nelima alinyoosha mkono ufuoni. Owiti aliutazama, akakohoa, akataja bei.

"Bwana Owiti," mama mmoja alisema, "leo umeikuta mali ina Mwenyewe."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Owiti akawageuzia mgongo. Ngege wakubwa wote aliwamwaga kwenye karai la Aoko, naye Aoko akaondoka nao taratibu, ili kila mtu amwone.

Mchana Owiti alikuja kwa Aoko, Nyalenda, akala ugali wake, akalala. Aoko alikaa ukingoni mwa kitanda akimfukuzia nzi kwa leso. Alimtazama kidevu, masikio, vidole vilivyochanwa na nyavu. Vyote vilikuwa vyake tena. Hata sauti ya Nelima, aliyepanga jirani, akiimba mahali fulani nyuma ya nyumba haikumchoma.

Jua lilipoanza kushuka, Owiti aliamka na kuvaa shati. Aoko alifungua mlango kidogo, akachungulia nje, akaurudisha upesi.

"Ngoja kwanza," alinong'ona. "Mkeo bado yuko bombani, anachota maji."