Petroli ya Masika

Kristian alichovya kijiti kwenye tangi la mashine ya maji, akakitoa, akakitazama. Petroli ilikuwa imepungua tena.

Mashine hiyo ya kumwagilia kabichi haikuwa imewashwa tangu mvua zianze. Kila masika aliifungia bandani tangi likiwa limejaa hadi shingoni, maana fundi wa Lushoto alishamwonya kwamba tangi lililoachwa nusu hutoa jasho kwa ndani na kuota kutu. Akakagua koki, akapapasa chini yake. Pakavu. Basi kuna mtu anachota, na mwenye ufunguo mwingine wa banda alikuwa mmoja tu: kaka yake, Fanueli.

Mashine ilikuwa ya marehemu baba yao, kitu pekee ambacho hawakugawana. Vingine vyote waligawana kwa matusi. Siku ya kupima shamba la mtoni, Kristian alimwambia kaka yake mbele za watu kwamba akithubutu kukanyaga uwanja wake atamkata mguu. Tangu hapo hata salamu hakuna, na kijiji kizima cha Gare kinajua. Jirani yao Aisha alipokuja kusema kwamba kuku wa Fanueli wamekufa banda zima, Kristian alijibu kuwa kicheche naye anajua pa kwenda.

Wizi wa petroli angeuvumilia. Kilichomtoa jasho ni harufu. Aliporudi nyumbani aliikuta nyuma ya nyumba, kwenye msingi, chini ya dirisha la chumba alimolala mtoto. Akainama, akagusa udongo, akanusa vidole. Petroli. Ilikuwa imemwagwa mstari mzima, kona hadi kona.

Mtoto wake wa kwanza, Sesilia, hata arobaini alikuwa hajatimiza. Nyumba yenyewe ni ya mabanzi juu ya msingi wa saruji, na jiko la kuni halizimwi kwa ajili ya baridi. Njiti moja tu, basi, wangeteketea wote watatu wamelala. Alimwita mkewe, Yudith, akamwonyesha. Yudith alitazama mstari ule, akatazama juu kilimani kwa shemeji yake. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema kwa sauti ndogo, kisha akaenda kumkumbatia mwanawe huku analia.

Kesho yake asubuhi Kristian alitoka na jembe begani, akaaga kwa sauti ili asikike hadi kwa kaka yake, kisha akazunguka na kujificha migombani. Ukungu ulikuwa mzito. Haukupita muda Fanueli akashuka na kidumu mkononi, anaangaza huku na huku kama mwizi. Alipiga magoti chini ya dirisha la mtoto, akaanza kumimina taratibu.

Kristian alipiga yowe. Majirani walitoka kila upande wakamkamata Fanueli na kidumu chake, hana la kukana. Fanueli ana kigugumizi tangu utotoni, na akishtuka ndiyo kabisa. Aliachama mdomo, neno haliji, na makofi yanamwangukia. Mpaka anafungwa kamba alikuwa ametoa maneno machache tu, kwa taabu, huku akimtazama mdogo wake:

"Mtoto... asilale chumba hicho."

Watu wakaguna. Loo, mtu amefungwa mikono na bado anatisha! Mgambo wakamkokota kwenda ofisi ya kijiji. Kristian alisema hakuna mtu wa kumpangia pa kumlaza mwanawe.

Wakashika kazi ya kuosha, yeye na Yudith. Udongo ulionyweshwa petroli waliukwangua kwa jembe wakautupa mbali. Msingi wakausugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, wakanusa, wakasugua tena. Sabuni iliwaishia kabla hawajafika kona ya jikoni; wakaona inatosha. Yudith alimnyonyesha mtoto, akamlaza kwenye kitanda chake chini ya dirisha, akaenda kuinjika maharage. Kwa mara ya kwanza tangu jana Kristian alivuta pumzi hadi chini.

Likabaki tangi. Alichukua dumu tupu akapanda kilimani kulimaliza, asibakize hata tone la kumtia wasiwasi. Safari hii hakuzunguka; alishika njia ya mkato ya bandani, ipitayo uwanjani kwa Fanueli, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu ule ugomvi. Akapita kando ya banda la kuku, akasimama.

Kuku walikuwa bado mle mle walipofia. Manyoya yamelala sakafuni, na mifupa ni mieupe, misafi, kila mmoja mahali pake hadi vidole. Kicheche hali hivyo. Kristian aligeuka polepole, na hapo akasikia harufu aliyoijua. Msingi wa nyumba ya Fanueli, kuizunguka yote, ulinuka petroli.

Alitupa dumu akakimbia. Aliteleza kwenye tope, akainuka, akamwita Yudith bila sauti kutoka.

Alifika nyuma ya nyumba yake hana pumzi. Siafu walikuwa wameteremka kutoka kilimani, mstari mweusi mpana kama kiganja. Kwenye kona ya jikoni, ambako sabuni iliwaishia, walikuwa wamepinda kukwepa harufu. Palipooshwa vizuri walikuwa wanapanda ukuta na kuingia dirishani, na ndani mtoto akaanza kulia.