Bomba Lenye Sikio

Mtaani kwa Sikudhani, bomba la nyumbani halitoi maji mpaka mtu akiri kwamba umaskini wake kajitakia mwenyewe, tena akiri kwa moyo, maana lina sikio linalotambua uongo.

Asubuhi baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa na wafanyakazi wote kutimuliwa, wachapakazi kwa wavivu, Sikudhani aliliinamia bomba kama siku zote.

"Ni uvivu wangu," alisema.

Halikutoa hata tone. Akarudia, akabembeleza, mpaka sauti ikamkauka.

Bintiye Zuhura, wa miaka sita, akamsogeza kando na kutega ndoo.

"Ni mimi. Sijitumi shuleni, ndiyo maana sisi maskini."

Maji yakabubujika.

"Si useme ukweli tu, mama," mtoto alisema, akinawa uso.