Kamera Iliyochagua Pazia

Bi Nargisi aliitupa picha juu ya kaunta. Bibi harusi na mama yake walikuwa ukungu mtupu, lakini pazia la nyuma, katikati ya vichwa vyao, lilionekana uzi kwa uzi.

"Kamera inayolenga yenyewe! Si ndivyo ulivyoniambia? Kwenye kupamba bibi harusi haingii mpiga picha mwanamume, wananitegemea mimi. Filamu nzima, pazia! Leo nikawaambie nini?"

"Shangazi, ulielekeza katikati yao," alisema Twalibu, mwenye duka la kamera. "Ungeanza na uso mmoja, kisha..."

"Usinifundishe kazi! Nirudishie ile kamera yangu ya zamani niliyokuachia. Ile hainichagulii, nazungusha lenzi mwenyewe mpaka uso utakate."

Twalibu aliitoa kabatini. Bi Nargisi akaipachika jichoni, akamwelekezea usoni, akazungusha lenzi kulia, akairudisha kushoto, akaizungusha tena.

"Tulia basi! Unatikisika nini?"

"Sijatikisika, shangazi," alijibu Twalibu, sasa kwa sauti ya chini.

"Nimesema tulia!"

Twalibu akazuia hata pumzi. Vidole vya Bi Nargisi viliendelea kuzungusha lenzi, huku na huku, vikiutafuta uso wake.